Rimu za inchi 19 kwenye sedani ya spoti: anza na tairi, rimu baadaye

Mkuu umesema una BMW E90 (sedani ya 3 Series), ilikuja na rimu za 17x8 ET34 (kipenyo inchi 17, upana inchi 8, na ET ndio ofseti, nitaieleza chini) na tairi 225/45R17, sasa umeona seti ya 19x9.5 ET22 zote nne, muuzaji anakwambia uvalishe 255/30R19 na "zinaingia tu bila shida". Jibu fupi ni hapana, hasa mbele. Jibu refu ni hili hapa, vumilia maana nimeishi na hii kitu kwa muda, nina sedani ya aina hiyo hiyo na nimetembelea 17 za kiwandani, nimetembelea 19 za jamaa yangu kwa kipindi kirefu tu, na sasa hivi niko kwenye 18 ambazo sitoi.

Tatizo kubwa ninaloliona kwa watu wengi ni kwamba tunapenda rimu kwenye picha, tunanunua, halafu ndio tunaanza kutafuta tairi la kujibana humo ndani. Geuza hiyo safari. Chagua kwanza tairi unaloweza kuishi nalo, yaani lenye ukuta unaokutosha, upana unaokutosha, uzito linaobeba, na linalopatikana kirahisi likipasuka moja ghafla. Ukishapata tairi, lenyewe litakwambia upana wa rimu. Ukishapata upana ndio unatafuta ofseti. Rangi na spoki ni mwisho kabisa, huko chagua unavyotaka hakuna atakayekugombeza.

Haya tuanze na hesabu maana ndio inayokata ubishi. 225/45R17: 225 ni upana wa tairi kwa mm, ukuta ni asilimia 45 ya hiyo 225, yaani kama mm 101, na 17 ni inchi za rimu. Inchi 17 ni mm 431.8, ongeza ukuta wa juu na wa chini unapata kipenyo cha mm 634. Hiyo 634 ndio namba yako, iandike mahali. Kila saizi unayoambiwa uilinganishe nayo. 225/40R18 ni mm 637, karibu sawa kabisa. 235/40R18 ni 645, imezidi kama asilimia 1.7. 245/40R18 ni 653, hapo umeshafika asilimia 3. 255/40R18 ambayo kuna mtu nimeona anaisifia ni 661, zaidi ya asilimia 4, hiyo kwenye gari hili sahau. Wengi wanasema usivuke asilimia 3, mimi nasema jaribu ubaki chini ya 2 kama unaweza, kwa sababu kipenyo kikikua spidomita inasoma pungufu, gia zinakuwa ndefu kidogo gari inapoteza ule mchomoko, na tairi linaanza kusogelea fenda kwa juu. Spidomita nyingi za kiwandani zinasoma juu kidogo ya spidi halisi makusudi, sheria za Umoja wa Mataifa namba 39 haziruhusu isome chini ya spidi halisi, kwa hiyo ukiongeza asilimia 1 au 2 mara nyingi unakula tu ile ziada. Ukizidisha sana unatembea 103 huku unasoma 100.

Sasa hiyo 255/30R19 ya muuzaji kipenyo chake ni mm 636, kwa hiyo kwenye kipenyo hajakudanganya. Ila angalia ukuta, mm 76. Umetoka 101 unaenda 76, umepoteza sentimita 2 na nusu za mpira kati ya rimu na shimo. Na hapa ndio watu wanasahau kitu, E90 nyingi zilitoka kiwandani na tairi za rani-flati, zile za ukuta mgumu zinazotembea hata upepo ukiisha, sasa ukichukua rani-flati za inchi 19 gari inakuwa kama mkokoteni, kila mshono wa barabara unaupata mgongoni. Zile 19 za jamaa yangu hazikuwa hata rani-flati na bado nilikuwa naendesha macho yakiwa chini muda wote natafuta mashimo, usukani unavutwa na mifereji ya barabara, na mvua ikinyesha tairi pana linaanza kuelea mapema kuliko lile jembamba. Kona kavu ya lami safi? Tamu sana, sikatai. Lakini hizo kona ni dakika ngapi za siku yako.

Kitu kingine kwenye hiyo 255/30R19, uzito. Tairi lako la 225/45R17 mara nyingi lina namba 91, maana yake kila tairi linabeba kilo 615. 255/30R19 nayo huwa 91 ila ni XL, yaani tairi lililoimarishwa. Ukiangalia juu juu unasema namba ni ile ile, ila XL inafikia hizo kilo kwa upepo mwingi zaidi, bar 2.9 badala ya 2.5 ya tairi la kawaida. Kwa hiyo ukijaza upepo ule ule ulioandikwa kwenye mlango unakuwa umepunguza uwezo wa tairi kubeba bila kujua, na tairi lenye ukuta mfupi likiwa na upepo mdogo ndio rimu inapinda. Linganisha na 235/40R18 ambayo huwa 95 XL, kilo 690, una nafasi ya kupumua. Herufi baada ya hiyo namba ni spidi, V ni 240, W ni 270, Y ni 300, usishuke chini ya ile iliyokuja na gari.

Tuje kwenye upana na ofseti ambapo ndipo seti yako inapofia. ET ni umbali wa mm kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusa habu. ET ikishuka rimu inatoka nje, ikipanda inaingia ndani. Sasa rimu yako ya zamani ni 8, mpya ni 9.5, imeongezeka inchi 1.5 ambayo ni mm 38, gawa pande mbili ni 19 nje na 19 ndani. Halafu ET imeshuka kutoka 34 mpaka 22, hiyo ni mm 12 kwenda nje. Kwa hiyo nje unaenda 19 jumlisha 12, mm 31. Ndani 19 toa 12, unasogelea shokapu kwa mm 7. Sentimita 3 nje kwenye fenda ya mbele ya sedani ambayo haijatanuliwa ni lazima ikwangue, ukikata usukani huku umepakia abiria wawili nyuma na mmoja mbele utasikia mwenyewe. Utaambiwa ukunje ukingo wa fenda, utaambiwa ulaze gurudumu liinamie ndani kwa juu (camber), utaambiwa uvalishe tairi jembamba livutwe. Yote hayo ni kulipa deni la rimu ambayo haikuwa ya gari lako. Na pia rimu ikitoka nje sana bea ya habu inabebeshwa mzigo kwa mkono mrefu, usukani nao unabadilika unakuwa mzito na unarusharusha kwenye mabonde.

Linganisha na nilizonazo mimi, 18x8.5 ET35 zote nne na 235/40R18. Upana umeongezeka nusu inchi, mm 6 na kidogo kila upande, ET imepanda 1, kwa hiyo nje ni kama mm 5 na ndani kama mm 7. Angalia sasa, ndani ni sawa na seti yako ila nje ni 5 badala ya 31. Haigusi popote na springi za kiwandani, na kwa macho inajaza fenda vizuri tu, watu wanauliza kama nimeshusha gari. Tairi la 235/40R18 linaruhusiwa kwenye rimu ya 8 mpaka 9.5 na 8.5 ndio upana wake wa asili, ukuta unasimama wima, hauvutwi wala haujabinuka. Ila jua kwamba tairi za kampuni mbili zenye saizi ile ile haziwi sawa kabisa, moja inaweza kuwa na mabega ya mraba na nyingine ya duara, kwa hiyo kama nafasi yako ni mm 3 usinunue kwa kuamini namba peke yake.

Umeuliza pia kuhusu nyuma pana mbele jembamba. BMW wenyewe waliiuza hiyo, 225/40R18 kwenye 8 mbele na 255/35R18 kwenye 8.5 ET37 nyuma, na inakaa vizuri, vipenyo ni 637 na 636. Inapendeza na nyuma inashika. Lakini pua inagoma kuingia kona mapema, na huwezi kuhamisha tairi za mbele kwenda nyuma, zikiisha zimeisha. Mimi ni mtu wa nne sawa. Kama gari ni la kuvuta magurudumu yote, mfano Subaru WRX, hapo wala si suala la kupenda, mzunguko wa tairi zote nne lazima ulingane, Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, na hiyo inahusu hata tairi mpya kuchanganywa na zilizoisha kashata, yaani meno ya tairi.

Mambo madogo madogo ambayo yanaharibu kazi nzuri. PCD (idadi ya bolti na kipenyo cha duara lake kwa mm) ya E90 ni 5x120, usikubali kulazimisha kitu kingine. Tundu la katikati la habu ni mm 72.6, rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi tafuta ringi za kujazia, bila hizo ringi, bolti ndio zinabeba kazi ya kuweka rimu katikati na utapata mtetemo kwenye usukani ukifika 100 hivi, utabalansi mpaka uchoke. Bolti nazo ziangalie kichwa, za BMW ni koni, kuna magari ya Kijerumani mengine yanatumia za mviringo, na Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani zinatumia nati zenye washa bapa, ukifunga nati bapa kwenye rimu ya koni haishiki na siku moja gurudumu linakuaga. Ukiweka spesa (bamba la kusogeza rimu nje), bolti ziwe ndefu kwa unene ule ule wa spesa, na hesabu mizunguko wakati unafunga kwa mkono, kwa bolti za M12x1.5 kama za gari hili mimi nataka 7 au 8 kabla haijakaza. Kaza kwa toki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza, 120 Nm kwa gari hilo, halafu rudia kukaza baada ya kilomita 50 mpaka 100.

Breki usiangalie kipenyo tu. Kuna rimu za 18 zinapita kalipa kubwa (kile kishikio cha pedi za breki) na kuna za 19 ambazo spoki zimeingia ndani zinagusa. Vua gurudumu, kata kadibodi kwa umbo la kalipa, jaribishia kwenye rimu kabla hujatoa hela.

Uzito wa rimu wenyewe nao watu wanaupuuza. Rimu ya 18 iliyotengenezwa vizuri unaweza kuipata kwenye kilo 9 hivi, ya 19 ya kumimina ya bei rahisi inafika 12 na zaidi. Kilo 3 kila kona ambazo springi hazizibebi, unazisikia kwenye kuondoka, kwenye breki, na kwenye kila tuta. Mimi ningechukua 18 nyepesi mara mia kuliko 19 nzito yenye jina la kuiga. Geuza rimu uangalie nyuma, tafuta alama ya JWL au VIA kama ni za viwango vya Japani, na tafuta uzito inaobeba uliopigwa muhuri, mfano 690kg. Chukua uzito wa juu wa ekseli ulioandikwa kwenye kibao cha gari, gawa kwa mbili, rimu isiwe chini ya hapo. Rimu isiyo na maandishi yoyote nyuma mimi sigusi hata nikipewa bure. Kama seti inakuja na tairi zake soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, ule msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, muuzaji akisema "tairi mpya hizi" unamwonyesha tu.

Kama moyo wako umeshaganda kwenye 19 basi tafuta 19x8.5 ET35 na 235/35R19. Kipenyo 647, asilimia 2 juu, ukuta mm 82, nje unatoka mm 5 tu. Hiyo inakaa na springi za kiwandani, ukishusha gari pima upya, bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya fenda kwa ndani, pakia watu, kata usukani mwisho pande zote mbili halafu uone imebonyea kiasi gani. Na hiyo seti ya 9.5 kama bado hujalipa, omba picha ya nyuma ya rimu kwenye maandishi uiweke hapa tuisome.