Uji wa moto ndio umeua mbege yako

Mdogo wangu, unauliza kwa nini mbege yako ya kwanza, hii pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, imekaa tangu jana bila hata povu. Jibu umelitaja mwenyewe: ulimimina uji wa ulezi ukiwa bado unafuka. Hamira iliyojizalia kwenye ndizi zilizochachuka haivumilii moto. Ikifika nyuzi 50 na zaidi inakufa. Uji upoe kabisa, uuguse usisikie joto, ndipo uchanganye na maji ya ndizi yaliyochujwa.

Usiimwage bado. Kama ulibakiza maji ya ndizi, tia vikombe viwili humo, koroga, funika kwa kitambaa safi, usubiri hadi kesho. Kitambaa, si mfuniko wa kukaza! Mimi niliwahi kukaza dumu, hewa ikajaa, likapasuka sebuleni, nyumba ikanuka pombe wiki nzima.

Msesewa, lile gome la mti la kuipa mbege uchungu, weka kidogo tu, ni mchungu kwelikweli. Mara ya kwanza hata ukiuacha sawa (wazee wa Kibosho, kule Kilimanjaro, wasinisikie). Ila ukiona ukungu juu, mwaga yote. Na ikianza kuchoma puani kama siki, umeshachelewa kuinywa.