Usitume hela ya mpunga kabla hujala debe moja

Usitume hiyo hela. Nimesoma swali lako lote la kuhamia Ifakara, la nyumba ya kupanga, la chakula, la mbu, la wenyeji wa Ifakara wakoje, nikafika kwenye ile sentensi ya mwisho uliyoitaja kwa kupita: kuna dalali mwaminifu anataka umtumie milioni 3 sasa hivi, mwezi wa nne, akushikie gunia 50 za Supa, ule mpunga wenye harufu nzuri, ng'ambo ya mto Kilombero. Ukihamia mwezi wa sita unazikuta ghalani, mwezi wa kwanza unauza kwa faida. Nikaiweka simu mezani, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Mkuu, hayo maneno niliambiwa mimi mwaka 2019, na nilituma.

Nilihamia Ifakara kikazi kama unavyohamia wewe. Kulikuwa na mwenzangu kazini aliyekwisha kukaa pale miaka minane, mtu wa heshima zake, ndiye aliyeniingiza. Akawa ananiambia kila siku kwenye chai kwamba mshahara ni wa kula tu, ila ukitaka kujenga weka mpunga. Hapo hakusema uongo. Mavuno ya bonde la Kilombero yanaanza Mei hivi mpaka Julai, na kila mkulima anauza wakati uleule maana ana deni la trekta, ana ada, ana vibarua wanadai. Bei inalala. Ikifika Desemba mpaka Machi mpunga umepungua majumbani, bei inaamka. Hata mtoto wa darasa la nne pale Kibaoni atakueleza hivyo. Mimi nikaona nikishajua hilo basi nimeshajua biashara.

Akaniunganisha na dalali. Huyo bwana alikuwa na ulimi! Aliniita "mwalimu" ingawa mimi si mwalimu, akaniuliza habari za watoto kwa majina. Akasema kuna mzee ng'ambo, upande wa Ulanga, ana Supa tupu, haijachanganywa na kitu, ila anataka hela mapema kwa sababu ana mgonjwa. Gunia 60, kila moja shilingi 55,000. Nikapiga hesabu haraka haraka: 3,300,000. Nikatuma kwa simu kwa mafungu matatu. Shamba sikuliona. Mzee sikumwona. Mpaka leo siamini kama kulikuwa na mzee.

Mwezi wa sita mwishoni gunia zikaja kwenye ghala la mashine ya kukobolea. Hapo nitasema kweli, zilikuja 60 kamili, na ndicho kilichonipumbaza. Nilijua utapeli ni mtu kupotea na hela yako. Nikazihesabu, nikalipa usafiri 180,000, nikapiga picha, nikamtumia mke wangu. Sikufungua hata gunia moja. Sikuingiza mkono. Zikapangwa juu ya sakafu, bila chaga chini, zimeegemea ukuta. Mwenye mashine alinipokea vizuri, kuhifadhi ni bure mradi utakoboa kwake na pumba abaki nazo. Nikaondoka nikiwa tajiri.

Desemba bei ikapanda kama nilivyoambiwa. Akaja mnunuzi kutoka Dar, anapeleka mchele soko la Tandale, akasema koboa gunia mbili tuone. Kijana wa mashine akakata uzi wa gunia la kwanza, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa haraka. Akaniambia, "Braza, kuna joto humu." Nikaingiza wangu. Kweli, katikati ya gunia palikuwa na joto kama tumbo la mtu mwenye homa, na harufu ya chumba kilichofungwa masika nzima. Wakamimina hivyo hivyo. Kilichotoka kule chini kilikuwa chenga, chenga, punje za njano, chenga, na katikati punje nyekundu nyekundu. Yule mnunuzi hakusema kitu. Alichota kidogo kwenye kiganja, akakirudisha, akaenda kuongea na mtu mwingine.

Pale mashineni huwa anakuja mama mmoja anayepika vitumbua na wali, ananunua chenga za kusaga. Akachukua punje kadhaa za ule mpunga, akatafuna moja moja kwa meno ya mbele kama anayepima dhahabu. Akaniambia, "Mwanangu, huu ulivunwa una maji na ukafungwa una maji. Na si Supa peke yake. Humu kuna SARO, kuna Supa, na hii nyekundu imetoka kwenye masalia ya shamba." Nikamwuliza amejuaje. Akanishangaa kabisa. "Si nimeutafuna?"

Nikueleze alichonifundisha, maana hakuna aliyenieleza kabla sijatoa hela. Mpunga wa kuhifadhi unatakiwa uwe umekauka mpaka unyevu ubaki asilimia 14 hivi. Ukifungwa na maji zaidi ya hapo, punje zinapumua ndani ya gunia, zinatoa joto, ukungu unaingia, mchele unakuwa wa njano. Ukianikwa vibaya nako ni shida nyingine: ukikaushwa haraka kwenye jua kali halafu ukaachwa nje usiku ukanywa umande, punje inapasuka kwa ndani. Kwa nje huoni ufa wowote. Unauona mashineni, inapogeuka chenga. Na mchanganyiko wa mbegu ndio unamfukuza mnunuzi. SARO 5, ambayo ilitoka hapo hapo kituo cha utafiti cha Ifakara mwaka 2002, ni mbegu nzuri, inazaa sana na ina harufu kiasi. Supa inazaa kidogo lakini ikipikwa jirani anajua. Kila moja ukiiuza peke yake ina mteja wake. Ukizichanganya, punje haziko sawa, mashine ikisetiwa kwa hii inaivunja ile, na sufuriani moja inaiva nyingine bado ina kiini.

Hesabu ya mwisho hii hapa, sikufichi. Gunia la kwangu lilikuwa na kilo 80 hivi, kwa hiyo 60 ni kama kilo 4,800 za mpunga. Mpunga mzuri ungenipa kilo 3,000 za mchele au zaidi kidogo. Nilipata 2,500. Kati ya hizo, kilo 1,100 tu ndizo zilizofaa kuitwa mchele, nikauza 1,100 kwa kilo. Zile 1,400 nyingine, chenga na njano, zikaingiza 940,000 kwa kubembeleza. Jumla 2,150,000. Toa mpunga, usafiri na kukoboa, nilikuwa nimeshatumia 3,605,000. Milioni moja na laki nne na nusu ikaenda na maji ya Kilombero. Waliofaidi mwaka ule ni kuku wa jirani, walinenepa mpaka wakashindwa kuruka uzio. Mke wangu hakunigombeza. Alipika ule mchele wa njano siku tatu mfululizo, akapakua, akakaa, akala, bila kusema neno. Bora angegomba.

Dalali nilimpigia. Akasema, "Mwalimu, mpunga ulitoka kwangu ukiwa mzima, kauliza ghalani." Mwenye ghala akasema aliupokea ulivyokuja. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniuma zaidi, alisema, "Kwani hukuupima?" Miezi yote ile ya chai hakuwahi kulitaja neno kupima! Baadaye nikasikia alikuwa anapewa chake kwa kila mteja anayempeleka. Sasa wewe umeandika kwamba dalali wako umeelekezwa na "mtu wa kazini anayeujua mji". Ndiyo maana mkono unatetemeka ninavyoandika hapa.

Sheria yangu sasa ni moja na siivunji hata kwa ndugu: debe moja kwanza. Unafika mwenyewe mahali mpunga ulipo. Unachagua wewe magunia ya kufungua, ya katikati na ya chini, usichaguliwe. Unaingiza mkono mpaka ndani usikie kama kuna ubaridi au joto. Unatafuna: punje kavu inakatika kwa sauti, yenye maji inabonyea. Kama meno huyaamini, tia kiganja cha mpunga na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, ondoka. Kisha unachota kidogo kidogo kila gunia mpaka debe linajaa, unalipeleka mashineni, linakobolewa umesimama hapo. Unaangalia chenga ni kiasi gani. Unachukua kilo moja, unapika, unakula. Ukishashiba ndipo mnaongea bei, na mnaongea kwa kilo kwenye mizani, si kwa gunia, maana lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, sheria imeikataa na bado ipo.

Anayeuza mpunga mzuri hakatai debe moja. Nimenunua misimu minne tangu pale, kidogo kidogo, gunia 15, gunia 20, na wakulima wenyewe ndio wanaonibebea debe kwa baiskeli mpaka mashineni. Wenyeji, Wandamba na Wapogoro niliofanya nao biashara, ni watu wa ukweli mno, mtu anakwambia kabisa, "Huu wa kona hii usichukue, ulilala kwenye maji." Ubaya uko katikati, kwa huyu anayekuzuia usimwone mkulima.

Na kisingizio cha mto asikupe. Zamani ulikuwa unasubiri pantoni, mto ukijaa mtu anakwambia huwezi kuvuka, nitumie tu. Tangu 2018 kuna daraja la mita 384 pale Kilombero. Unapanda bodaboda asubuhi unafika Minepa, unafika Lupiro, unaona shamba kwa macho yako. Halafu fikiria na hili: leo ni mwezi wa nne, mto ndio umejaa, mashamba ya bondeni mengine yamefunikwa. Hakuna mtu Ifakara nzima anayejua atavuna gunia ngapi. Huyo wako anakuuzia 50 za wapi?

Chakula ulichouliza, usiwe na wasiwasi, utakula vizuri kuliko huko uliko. Kitoga, samaki wa mtoni, wa kukaanga na wali wa Supa ya mwaka huo, mchuzi wa nazi, mlenda pembeni kama unaula. Samaki wa mto nunua asubuhi wakiwa bado wanapumua, kambale na perege hawakosekani, jioni utapata waliokwisha kupigwa jua. Yule mama wa vitumbua bado yupo, anaanza saa kumi na mbili, na vitumbua vyake vya chenga mpya vikitoka kwenye chuma vina harufu inayosimamisha baiskeli. Nunua baiskeli, mji ni tambarare. Mbu wapo wa kutosha, watafiti wa malaria wamekaa Ifakara miaka mingi, hawakukaa bure. Chandarua kila siku, hata ukisikia wenyeji wanasema msimu wa mbu umeisha.

Ya nyumba nitarudi kukujibu, nimechoka kidole. Lakini rudi hapa leo uniambie, hela bado iko kwenye simu yako? Kama umeshatuma fungu la kwanza, mpigie sasa hivi, usimtishe, mwambie hilo fungu lihesabiwe kama la debe moja tu na mengine yanakuja ukifika. Akianza kukueleza habari za mzee mwenye mgonjwa, kata simu.