Mvua ya dhahabu iliyogoma kunyesha

Mwalimu, umesema hapo Kongwa mnajaribu mvua ya dhahabu, yaani fuwele za manjano zinazoshuka majini kama mvua, lakini ukichanganya nitrati ya risasi na iodidi ya potasiamu unapata kitu cheupe-manjano kama uji, na hata ukichemsha hakiyeyuki chote. Nashuku maji. Ya visima vyetu huku Dodoma mengi yana chumvi. Salfeti na kaboneti hunasa risasi na kuacha weupe usioondoka. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Ya betri ya sheli achana nayo, mengine ni asidi!

Iodidi nayo usizidishe sana, manjano yatayeyuka tena. Chukua mashapo hayo ya manjano (iodidi ya risasi) kidogo mno, uyachemshe kwenye maji: mililita 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha gramu 0.08 hivi, yakichemka gramu 0.4. Yakishakuwa maangavu, acha yapoe taratibu. Utaona vibapa vya pembe sita vinashuka vikimetameta. Ni vyembamba kwa sababu kila tabaka la risasi limebanwa kati ya mawili ya iodini, na mafungu hayo yameshikana kilegevu tu.

Vaeni glovu. Risasi ni sumu, kwa hiyo usimwage kwenye sinki. Weka kwenye chupa yenye lebo, kisha uliza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwanafunzi akimeza, hospitali hapohapo.