Usichague ziwa, angalia kwanza pa kupaki

Aisee wadau, tangu ning'oe viti vya Hiace yangu nikapigilia kitanda cha mbao na godoro la futi nne, swali ninaloulizwa hapa Chuga, yaani Arusha, ni moja tu, eti ziwa gani zuri la kwenda kulala. Kila mtu ziwa, ziwa. Mi nawaambia maziwa yote ni mazuri saa kumi na mbili jioni, kasheshe inaanza saa nane usiku, kwa hiyo we angalia kwanza hapo tairi zako zitakapolala, ziwa baadaye.

Hili nililijua kwa gharama. Masika ya mwaka juzi mi na mama watoto na wadogo wawili tulifika kambi moja ya mtu binafsi, jina naliacha, giza limeshaingia. Mlinzi akatuonyesha kwa tochi, "hapo hapo mkuu, mkifungua mlango maji haya hapa", na kweli maji yalikuwa hapo, hata hatua ishirini hazifiki. Tukapaki, tukala ng'ande zetu za kwenye hotipoti, tukalala. Saa tisa ikaanza mvua, ile ya kupiga bati la gari mpaka hamsikilizani, na asubuhi nafungua mlango nakuta tairi za nyuma zimezama mpaka kwenye rimu. Kumbe ule ni udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi mgumu kama lami na una nyufa za kuingiza mkono, afu ukilowa unakuwa uji. Trekta la kutuvuta lilifika saa saba mchana na dereva alivyoona watoto wamenuna akataja elfu themanini bila hata kupepesa. Nikalipa, ningefanyaje. Mama watoto hakuniongelesha mpaka tumefika Kisongo.

Tangu siku hiyo nafika saa kumi jioni, jua lipo. Natembea kwanza kwa miguu kabla gari halijaingia, naangalia rangi ya udongo, naangalia na vichaka vya chini, maana ukiona majani makavu na mifuko ya plastiki imenasa kwenye matawi usawa wa goti ujue maji huwa yanafika pale, hata mwenye kambi akuapie vipi. Chupa ya maji nailaza sakafuni ndani ya gari, ikibingirika natafuta mawe ya kuweka chini ya tairi, kulala kichwa kikiwa chini unaamka na kichwa kinagonga kama umeshinda kwenye mbege. Na uliza wenyeji, sio wahudumu, wenyeji wanaochota maji pale, kama kuna kiboko. Kiboko mchana yuko majini ametulia, usiku anatoka kula majani na anapita njia yake ile ile, we ukiwa umepaki juu ya hiyo njia ni shida yako.

Sasa kwa huku kwetu. Duluti pale Tengeru ni karibu na mjini, kuna msitu na kivuli na ni pazuri kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza, ukisahau kiberiti unarudi sokoni dakika chache, ila chakula fungia ndani maana kima wa pale ni wezi waliosomea. Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, ni habari nyingine kabisa. Lile ni shimo la volkano, maji yake yanapita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, unakaa juu ukingoni na ziwa liko chini huko, unashuka mteremko mkali kwa miguu na kurudi unahema. Watu wanaona maji ya bluu wanataka kuruka ndani. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya, kwa hiyo mi pale natazama tu. Na zima roming ya simu, ukiwa kule inashika mtandao wa Kenya yenyewe na salio linaisha ukiwa umelala.

Chemka, ile chemchemi ya kuogelea, kila mtu anaijua, unaingilia Boma Ng'ombe, na jina lisikudanganye maji hayachemki, ni ya uvuguvugu tu. Jumatano pametulia kama kanisani. Jumapili aisee... spika tatu kila moja na wimbo wake, mishikaki, vijana wa Moshi na wa Arusha wote wameamua siku hiyo hiyo. Siwalaumu, na mi nilikuwa humo nikiwa chalii. Ila kama una mtoto mchanga piga simu kabla uulize kama kuna shughuli, na usiulize "pametulia?" maana watakujibu ndiyo, uliza "Jumamosi mna bethidei ya mtu?"

Umeme nao. Shemeji yangu anayeishi Marekani alikuja Desemba akawa anasumbua tutafute pa kupaki kama kwao, kule hizo gari ni nyumba kamili, unapewa umeme wa ampea 30 au 50, unaunga bomba la maji safi na la maji taka, basi. Nikamwambia shem, huku utapewa soketi moja ya ukutani karibu na choo na waya wa kuungaunga. Akachomeka friji, jagi la kuchemshia maji na pasi kwa pamoja (pasi, jamani, porini!) kambi nzima ikawa giza. Na heri hiyo pasi aliinunua hapa, ile ya kwao ni ya volti 120 na sisi ni 230, ingetoa moshi kabla hajakunja shati. Mi natembea na betri yangu na sola juu ya bodi, soketi ya kambi nachajia simu tu.

Bei ulizia kwa kichwa, sio kwa gari, kambi nyingi wanahesabu watu, na watoto uliza wanaanzia miaka mingapi. Kwenye hifadhi za taifa kiingilio ni kingine na kulala ni kingine, usije ukalipa kimoja ukadhani umemaliza.

Choo kaangalie mwenyewe. Fungua na bomba.

Wiki ijayo tunarudi Chemka, ila kulala tunalala Boma kwa binamu yangu, kwenye uwanja wake wa kokoto, afu saa moja asubuhi tunaingia majini kabla ya zile spika.