Chanjo ya surua mara mbili ya nini?

Swali: Shikamoo dokta, mwanangu kachomwa chanjo ya surua na miezi 9, siku ya nane akachemka usiku kucha, sasa nesi anasema nirudi akifika miezi 18, kwa nini jamani?

Jibu: Marahaba mama, pole kwa kukesha. Ile chanjo ni virusi hai vilivyodhoofishwa, vinazaliana kidogo kidogo ndo maana homa inakuja baada ya wiki hivi, askari wa mwili wanajifunza kumjua adui. Ila kwenye miezi 9 kinga uliyompa tumboni inaweza ikawa bado ipo, inavizima virusi kabla askari wake hawajavisoma vizuri, watoto kama 15 kwa 100 haiwashiki, na kwa macho huwezi kuwajua. Mpeleke mama, nakuomba sana, surua yenyewe inafuta hata kumbukumbu ya magonjwa ambayo mwili ulishayashinda.