Mfupa unaoota kwenye kigutu: jibu kwa dada wa Urambo

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 9, aliyekatwa mguu chini ya goti, sasa ana ncha ngumu mwishoni mwa kigutu, na kama ni kansa kama jirani alivyokutisha.

Kwa maelezo yako, kansa siyo ya kufikiria kwanza. Kwa mtoto anayekua, mfupa uliokatwa katikati huweza kuendelea kuota mwishoni, ukachongoka na kuisukuma ngozi kutoka ndani, wakati mwingine hata kuitoboa. Mguuni, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje ndio msumbufu zaidi. Aliyekatiwa kwenye kiungo chenyewe kwa kawaida hapati shida hii, maana mfupa wenyewe haukukatwa. Watu wazima nao huota mfupa, ila kwao hujitokeza ndani ya nyama, hasa waliojeruhiwa na mabomu.

Mpeleke hospitali ya Kitete, Tabora mjini, apigwe eksirei. Ngozi ikiwa nzima, fundi wa viungo bandia anaweza kurekebisha sehemu ya mguu bandia inayobana. Ikianza kutoboka, au maumivu yasipoisha hata akiuvua mguu huo, huenda daktari wa mifupa akaupunguza mfupa ulioota kwa upasuaji. Nakwambia mapema usije ukavunjika moyo: unaweza kuota tena mpaka atakapomaliza kukua.

Kwa sasa asivae mguu bandia juu ya kidonda, tafadhali. Ukiona usaha, homa au wekundu unaosambaa, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.