Kadi ya baba au sauti ya ubao mama?

SWALI: Shikamoo fundi. Kwenye kompyuta ya marehemu baba nimekuta kadi ya sauti ya Sound Blaster Live! Niihamishie kwenye yangu mpya, au nibaki na sauti ya ubao mama (ile iliyojengwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta)? Nasikiliza CD za taarab.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baki na ya ubao mama. Kadi hiyo ya 1998 naipenda mno, ila huchomekwa kwenye nafasi ya PCI, aina ya zamani ya tundu la kadi, na kompyuta mpya nyingi hazina. Tena hugeuza kila sauti kuwa hezi 48,000 (vipimo vya sauti kwa sekunde), ilhali CD ni 44,100, kwa hiyo taarab yako haitapita kama ilivyorekodiwa. Ukisikia “zzz” kwenye sauti ya ubao mama kila unaposogeza kipanya, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Ya baba ifute vumbi kwa brashi laini, uirudishe ilipokuwa. Kwenye Windows XP bado inaimba.